Santuri ya Watu 17

(Hotuba ya katibu wa vijana mbele ya mkutano wa wanachama na wapigaji wa bendi ya tawi)



Nimeagizwa niseme juu ya jambo lililo mbele ya mkutano huu. Bendi yetu inataka kurekodi nyimbo zake kwa mara ya kwanza. Mfanyabiashara mmoja amejitolea kulipa gharama zote za studio, kwa sharti kwamba bendi ichukue jina la bidhaa yake. Wengine wanasema tukubali leo hii. Wengine wanasema afukuzwe. Kabla hatujapiga kura, nataka niwape habari ya bendi nyingine iliyotutangulia katika njia hii, huko Afrika ya Kusini, mwaka 1963.

Mwaka ule ulikuwa mwaka gani? Mwezi Machi 1960 polisi walikwisha kuua watu 69 kule Sharpeville, na mwezi uliofuata vyama vya ANC na PAC vikapigwa marufuku. Mwezi Mei 1963 serikali ya Makaburu ikapata sheria ya kumfungia mtu siku 90 bila ya kumfikisha mahakamani. Tarehe 11 Julai polisi wakavamia shamba moja huko Rivonia, wakawakamata viongozi wa mapambano waliokuwa wakifanya kazi kwa siri. Mwafrika hakuweza kutembea mjini bila pasi mfukoni. Mahali pa kukaa, pa kusafiri na pa kustarehe, pote paligawanywa kwa rangi.

Basi miezi miwili tu baada ya Rivonia, lilifanyika tamasha la jazz Johannesburg, na vikundi vilikuja kutoka sehemu mbalimbali kushindana. Palikuwa na mpiga piano mmoja Mzungu, jina lake Chris McGregor, mtoto wa mwalimu wa misheni, aliyekulia Transkei. Huyu alichagua wapigaji hodari kutoka katika vikundi vile vile vilivyokuja kushindana, akaunda bendi moja ya watu 17. Alikuwemo Kippie Moeketsi, mkongwe wa saksafoni. Alikuwemo Dudu Pukwana, naye wa saksafoni. Alikuwemo Mongezi Feza, kijana wa miaka 18, na tarumbeta yake.

Bendi hiyo iliitwa Castle Lager Big Band. Naam, jina la bia! Wala si ajabu. Kwa miaka mingi sheria ilimkataza Mwafrika wa nchi ile kununua bia ya Kizungu. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1962. Mlango wa duka ulipofunguliwa, mwenye bia alimtafuta mnunuzi mpya, akamkuta kwenye muziki.

Ndugu zangu, tusiwacheke watu wale. Bendi ya watu 17 ni kazi nzito. Watu watano wakipiga kwa kusikilizana tu, wimbo hutoka. Watu 17 hawawezi. Lazima pawe na mtu aandike sehemu ya kila mmoja: tarumbeta waingie hapa, tromboni wajibu pale, saksafoni wanyamaze ili mmoja aseme yake. Lazima wakae pamoja siku baada ya siku wakifanya mazoezi, na siku hizo mtu huyo hapati kibarua kingine. Nani atalipa nauli? Nani atalisha watoto nyumbani? Na studio haina huruma. Upande mmoja wa santuri huchukua kama dakika 20, na mmoja akikosea, kazi ya wote inarudiwa.

Walirekodi mwezi ule ule wa Septemba, na santuri ikaitwa Jazz: The African Sound. Tazameni walichokiweka ndani. Hawakwenda kuiga nyimbo za Marekani. Walipiga nyimbo mbili za Kippie Moeketsi, nyimbo mbili za Dollar Brand, yule aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Abdullah Ibrahim, na nyimbo mbili za McGregor mwenyewe. Serikali ilikuwa ikihubiri kwamba kila kabila na kila rangi ikae peke yake. Santuri ile ilijibu bila hotuba.

Lakini ngoma ivumayo haidumu. Bendi ile ilivunjika upesi. Sheria za ubaguzi zilikuwa zikiibana, na yenyewe haikuwa na mfuko wake wa kuwaweka watu 17 pamoja. Mwaka 1964 McGregor na wenzake watano, Pukwana na Feza wakiwemo, walisafiri kwenda kwenye tamasha la Antibes, Ufaransa, na wengi wao wakabaki Ulaya. Feza alifia Uingereza mwaka 1975. McGregor na Pukwana walifia ugenini mwaka 1990, mwaka ule ule Mandela alipotoka gerezani. Kilichobaki cha wale 17 ni santuri. Mtu akiiweka leo, anawasikia wote wakiwa wazima.

Kwa hiyo nawajibu kwanza wanaosema tumfukuze mfadhili. Jina peke yake si dhambi. Hugh Masekela alipewa tarumbeta yake ya kwanza na Padre Trevor Huddleston, ambaye baadaye, kuanzia 1960 hata 1968, alikuwa Askofu wa Masasi hapa kwetu. Bendi ya wavulana wale ilijulikana kwa jina la Huddleston. Lakini padre hakuwa na kitu cha kuwauzia. Na bila ya fedha ya bia, huenda leo tusingekuwa na santuri ya 1963 ya kuzungumza habari zake.

Sasa nawajibu wanaosema tukubali leo hii. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha ya mtu mwingine inaweza kuwakusanya watu kwa santuri moja. Kuwaweka pamoja mwaka wa pili, mwaka wa tatu, kunataka mfuko wao wenyewe.

Basi mimi natoa shauri hili. Kwanza, tumshukuru mfanyabiashara, na msaada wake uandikwe kwenye jalada, lakini jina la bendi libaki letu. Pili, iandikwe kwa mkataba kwamba nyimbo ni mali ya waliozitunga, na rekodi yenyewe ni mali ya bendi. Tatu, tangu mwezi huu kila mwanachama atoe mchango wa mfuko wa bendi, hata kama ni kidogo, na hesabu zisomwe hadharani katika kila mkutano. Nne, mazoezi yaanze sasa, kabla ya fedha ya mtu yeyote kufika. Akikataa masharti haya, tutachelewa kidogo, lakini tutarekodi.

Wapigaji wetu ni 11. Wametoka mitaa minne, na wengine walikuwa wapinzani katika mashindano ya mwaka jana. Leo wameketi benchi moja. Hilo hakuna mfadhili aliyelinunua, na hilo ndilo naomba mlilinde mtakapoinua mikono.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Nakuomba uitishe kura.