Hofu Isiwe Mlango: Hotuba kwa Watu wa Lamu



Leo napenda kusema nanyi juu ya siasa kali, na jinsi zinavyoweza kuangusha serikali iliyo changa.

Wajerumani si wageni katika habari za Lamu. Usultani wa Witu ulikuwa chini ya himaya yao tangu 1885 hadi 1890, na mwaka 1888 walifungua posta mjini Lamu. Basi na tutazame yaliyowapata wao kwao. Waliposhindwa vitani mwaka 1918, mfalme wao alikimbia, na mwaka 1919 walipata katiba iliyowapa haki ya kura wake kwa waume. Lakini walitokea watu waliosema kwamba jeshi halikushindwa, bali lilisalitiwa na Mayahudi na wanasiasa. Mwaka 1923 Adolf Hitler alijaribu kunyakua serikali kwa bunduki huko Munich, akashindwa. Mwaka 1928 chama chake hakikupata hata kura 3 katika kila 100. Kisha kazi zikakosekana, na Julai 1932 kikapata 37. Januari 1933 Hitler akafanywa mkuu wa serikali. Mwezi uliofuata jengo la Bunge likateketea, hofu ikaenea, na kesho yake haki za raia zikaondolewa kwa amri. Bunduki ilishindwa; hofu ikashinda.

Sasa turudi kwetu. Katiba mpya ya Kenya ilianza Agosti 2010, na serikali ya kwanza ya Kaunti ya Lamu ikachaguliwa Machi 2013. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni. Usiku ule na uliofuata waliuawa watu zaidi ya 60, wengi wao wanaume waliotengwa kwa dini yao. Al-Shabaab walitangaza kwamba wao ndio waliofanya.

Wauaji walijua pa kupiga. Wakulima kutoka bara walipewa makazi Mpeketoni katika miaka ya 1970, na manung'uniko ya wenyeji juu ya ardhi yamedumu tangu hapo. Nia ilikuwa jirani amwone jirani kuwa adui. Tangu Julai hadi Desemba mwaka ule watu walikatazwa kutoka nje usiku. Wavuvi wakazuiwa kuvua usiku, na dhiki ikaingia katika nyumba zisizomdhuru mtu.

Je, tufanye nini? Kwanza, manung'uniko ya ardhi yasifichwe. Mahali pake ni barazani, katika bunge la kaunti na mahakamani. Anayekuambia kwamba bunduki itakurudishia shamba, huyo analitaka shamba, na wewe mwenyewe pia. Pili, askari amkamate mtu kwa ushahidi, wala si kwa kanzu yake au jina lake. Maana kijana aliyeonewa hutafutwa upesi na adui. Tatu, mzee akisikia kijana anafundishwa kwamba damu ya jirani ni halali, asinyamaze. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 2017, na tena 2022, watu wa visiwani na wa Mpeketoni walipiga kura pamoja kuchagua serikali moja ya kaunti. Kura hiyo ndiyo mali yetu sote. Tusikubali hofu ituibie.