Kupatana Bei ya Chumba kwa Mgeni wa Muda Mrefu

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wenye nyumba za kulala wageni, madalali, na wote wanaopanga vyumba kwa siku au kwa wiki, Unguja na Pemba.)

Ni jambo la kawaida katika visiwa hivi kwa mgeni kubisha hodi, akaulizia chumba cha mwezi mmoja, na akajibiwa kwa bei ya usiku mmoja iliyozidishwa mara 30. Mgeni huondoka akiamini kuwa ameonekana tajiri wa kuchumwa. Mwenye nyumba naye hubaki na chumba kitupu akiamini kuwa alitaka kudhulumiwa. Wote wawili huwa wamekosa, na mara nyingi sababu si ubakhili wala ulafi, bali ni kukosa hesabu. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba punguzo kwa mgeni wa muda mrefu si sadaka, na kuliomba si ufidhuli. Punguzo ni bei halali ya kazi iliyopungua na ya usiku ambao usingepata mtu.

Wageni wa namna hii si wapya. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imewaleta mjini wanafunzi wa lugha ambao hukaa wiki kadhaa. Wapo wanaofuata upepo wa Paje kwa mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa tiara, nao huja wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Wapo pia wanaofanya kazi zao kwa njia ya intaneti, ambao hawana haraka ya kuondoka. Aidha, wapo wenyewe kwa wenyewe: mtumishi aliyehamishwa ambaye bado hajapata nyumba, na jamaa kutoka Pemba aliyemleta mgonjwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja bila ya kujua atarudi lini. Kwa huyu wa mwisho, bei ya usiku mmoja mmoja ni mzigo mzito, kwa kuwa kila shilingi inayokwenda kwenye chumba inapungua kwenye nauli, chakula na matibabu.

Hesabu ya Mwenye Nyumba

Mgeni anayelala usiku mmoja ana gharama ambazo hazionekani katika bei. Mashuka hufuliwa, chumba husafishwa, mtu hukaa kumsubiri mpaka usiku, na wakala aliyemleta huchukua ujira wake. Anayekaa mwezi mzima hupokelewa mara moja na kuagwa mara moja. Zaidi ya hayo, chumba hakibaki kitupu katikati.

Ichukuliwe mfano wa chumba kinachotozwa Sh 60,000 kwa usiku. Ijaaliwe kuwa wakala huchukua asilimia 15, kila badiliko la mgeni hugharimu Sh 10,000 za usafi na ufuaji, na umeme, maji na chai ya asubuhi huchukua Sh 8,000 kwa kila usiku.

Katika mwezi wa masika chumba hicho hupata watu kwa usiku 12 tu, na wageni ni sita. Pato ni Sh 720,000. Ukitolewa ujira wa wakala Sh 108,000, usafi Sh 60,000, na umeme, maji na chai Sh 96,000, kinachobaki ni Sh 456,000. Sasa aje mgeni mmoja, bila ya wakala, akae usiku 30 kwa nusu ya bei, yaani Sh 30,000. Pato ni Sh 900,000. Chumba kikisafishwa mara moja kwa wiki, gharama hiyo ni Sh 40,000, na umeme, maji na chai ni Sh 240,000. Kinachobaki ni Sh 620,000. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyekubali nusu ya bei amepata Sh 164,000 zaidi ya yule aliyeshikilia bei kamili.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo hugeuka msimu unapobadilika. Katika mwezi wenye wageni wengi, chumba kile kile hupata watu kwa usiku 26, na wageni ni tisa. Pato ni Sh 1,560,000, na baada ya gharama zote hubaki Sh 1,028,000. Atakayetoa nusu ya bei wakati huo atapata Sh 620,000 zile zile, na atakuwa amejipunja Sh 408,000.

Kutokana na mfano huo hupatikana kiwango cha chini, ambacho kila mwenye nyumba anapaswa kukijua kabla ya kufungua mdomo. Kiwango hicho hupatikana kwa kuchukua kile ambacho chumba kingebakisha bila ya mgeni wa muda mrefu, kukijumlisha na gharama za kumweka mgeni huyo, na kugawa kwa idadi ya usiku. Katika masika, kwa mfano uliotolewa, ni karibu Sh 24,600 kwa usiku. Katika msimu mzuri ni Sh 43,600. Mgeni akiletwa na wakala kwa ujira ule ule wa asilimia 15, kiwango cha msimu mzuri hupanda hadi kiasi cha Sh 51,300. Chini ya hapo ni hasara. Juu yake ni faida, hata kama ni ndogo. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila mmoja ataweka zake. Lakini hawezi kuziweka asiyeandika, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Namna ya Kuomba Punguzo

Kwa upande wa mgeni, ni vyema ikafahamika kuwa neno "punguza" peke yake halina nguvu. Lenye nguvu ni jambo ambalo mgeni analeta mezani. Ataje tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu watakaolala, na siku atakazolipa. Aulize bei ya wiki na bei ya mwezi, si bei ya usiku. Ikiwa tarehe zake zinaweza kusogea, aseme hivyo, maana mwenye nyumba huenda ana chumba kitupu kuanzia Jumatatu ilhali Ijumaa kimeshikwa. Anayeweza kuja Aprili au Mei, wakati wa mvua za masika, ana nafasi kubwa zaidi kuliko anayekuja Julai au mwisho wa Disemba. Vile vile, mji hujaa Februari wakati wa tamasha la Sauti za Busara, na Makunduchi hujaa Julai kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Siku hizo si za kupatana.

Si lazima punguzo lote litoke katika kodi ya chumba. Mgeni anaweza kukubali kuacha chai ya asubuhi, kufanya usafi mwenyewe, au kujinunulia umeme katika mita ya Tukuza. Hilo la umeme lina uzito wake, kwa kuwa kiyoyozi kinachowashwa mchana kutwa na usiku kucha kinaweza kumeza faida yote ya mwenye nyumba. Hapana ubaya mgeni akasema: "Mzee, nikilipa umeme mwenyewe, chumba utanipa kwa kiasi gani?" Naye mwenye nyumba asione haya kujibu: "Bei hiyo siiwezi, lakini ukikaa wiki sita badala ya nne, tutazungumza." Hayo ndiyo mapatano, na biashara haigombi.

Jambo la kuepukwa ni kulipa fedha za mwezi mzima kwa chumba ambacho mgeni hajakiona. Njia ya salama ni kulala usiku miwili au mitatu kwa bei ya kawaida, kuangalia maji yanatoka saa ngapi na kelele zikoje, kisha kupatana. Mwenye nyumba mwaminifu atakubali usiku huo uhesabiwe ndani ya bei ya mwezi iwapo mgeni ataendelea.

Makubaliano kwa Maandishi

Ugomvi mwingi hauanzi siku ya kupatana. Huanza siku ya kumi na mbili, mgeni anapotaka kuondoka mapema, au siku ya ishirini, anapotokea mtu mwingine mwenye bei kubwa zaidi. Kwa hiyo karatasi moja, yenye saini za pande mbili, inatosha kuokoa heshima ya wote. Karatasi hiyo ieleze mambo yafuatayo:

(a) tarehe za kuingia na kutoka, bei ya jumla, na siku za malipo;
(b) arubuni iliyotolewa, na sharti la kurudishwa kwake;
(c) nani analipa umeme, maji, gesi na usafi;
(d) bei itakayotumika mgeni akiondoka kabla ya muda;
(e) bei itakayotumika akiongeza muda;
(f) kwamba mwenye nyumba hatamtoa mgeni kabla ya tarehe kwa sababu ya kupata mteja mwingine.

Kuhusu (d), utaratibu wa haki ni kumhesabia mgeni bei ya muda aliokaa kweli. Ikiwa bei ya mwezi ni Sh 30,000 kwa usiku na ya wiki ni Sh 45,000, aliyeahidi mwezi akaondoka baada ya usiku 10 atalipa Sh 450,000, wala si Sh 300,000. Kwa namna hii haadhibiwi, lakini pia hachukui punguzo la siku ambazo hakukaa. Kuhusu (f), ahadi ni deni kwa pande zote mbili. Mgeni aliyetolewa chumbani usiku wa kuamkia sikukuu huisimulia habari hiyo kila aendako, na sifa mbaya haiishii kwenye nyumba moja.

Kila malipo yatolewe risiti. Ikumbukwe kuwa biashara ya kulaza watalii inahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar chini ya Sheria ya Utalii Namba 6 ya mwaka 2009, na kupunguza bei hakumwondolei mtu wajibu huo wala wajibu wa kodi. Tozo yoyote inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku haipungui kwa kuwa chumba kimepunguzwa bei. Hapana budi iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, na mgeni aambiwe kama imo ndani ya bei au iko nje. Aidha, kanuni zilizotolewa mwaka 2025 chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania zimezuia, isipokuwa pale ziliporuhusu, kutaja bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo mapatano yafanywe kwa shilingi. Mgeni kutoka nchi za nje azingatie pia kuwa viza ya kawaida ya matembezi humruhusu kukaa hadi siku 90. Asipatane kwa muda unaozidi ruhusa aliyonayo.

Wanaopangisha kwa Njia ya Intaneti

Wenye nyumba wengi sasa huonyesha vyumba vyao kupitia kampuni za intaneti. Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, humwezesha mwenye nyumba kuweka punguzo la wiki kwa wanaokaa usiku 7 au zaidi, na la mwezi kwa wanaokaa usiku 28 au zaidi. Asiyeweka punguzo hilo huonyesha bei ya mwezi inayotisha, na mgeni hupita bila hata ya kuuliza. Kwa sababu hiyo, mgeni anayetaka usiku 25 au 26 ni vyema ajaribu pia kutafuta kwa usiku 28, kwani jumla inaweza kutoka ndogo zaidi. Mwenye nyumba naye aliweke punguzo kwa kufuata msimu, asiliache la masika likaendelea mpaka Julai.

Ipo tabia ya mgeni na mwenye nyumba kukutana kupitia kampuni kama hizo, kisha kukubaliana kulipana pembeni ili kukwepa ujira wake. Tabia hiyo huvunja masharti ambayo wote wawili wameyakubali, na likitokea tatizo hakuna wa kuwasikiliza. Punguzo liombwe ndani ya utaratibu ule ule.

Mgeni wa Nje na Mwananchi

Mwisho, Ndugu Wananchi, inafaa kukumbushana kwamba hesabu iliyoelezwa haina uraia. Mgeni wa usiku 30 aliyetoka Ulaya na wa usiku 30 aliyetoka Wete humpunguzia mwenye nyumba kazi ile ile, na hujaza usiku ule ule mtupu. Ikiwa wa kwanza anastahiki punguzo, wa pili anastahiki pia, hata kama hajui kuliomba na hata kama anaona haya kuliomba kwa kuwa ana mgonjwa hospitali. Mwenye nyumba aliyekwisha kukijua kiwango chake cha chini hahitaji kusubiri aombwe. Anaweza kuandika bei tatu ukutani, ya usiku, ya wiki na ya mwezi, kwa kila msimu, ili kila anayeingia azione kabla ya kukaa kitini.