Kusaka Vikasha Pamoja na Watoto

Leo nimeombwa nizungumze juu ya mchezo. Huenda ukashangaa mchezo umeingiaje katika kipindi cha afya, lakini nivumilie kidogo.

Kwanza nikuulize. Jumamosi iliyopita mtoto wako alitembea kiasi gani? Sisemi kutumwa dukani na kurudi. Ninasema kutembea mpaka jasho likamtoka. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kukimbia, kutembea haraka au kucheza kwa nguvu. Sisi watu wazima tunahitaji angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na mama mjamzito na yule aliyejifungua, ikiwa daktari hajawakataza. Kwa mtoto wa kijijini anayechota maji na kuchunga mbuzi, hili si tatizo. Shida iko kwa yule anayeishi chumba kimoja orofa ya nne, ambaye mchana kutwa yuko mbele ya televisheni au ameshika simu ya mamake. Ukimwambia, "Haya, twende tukatembee," anakuuliza, "Kwenda wapi?" Na swali lake ni la haki. Mtoto hapendi kutembea bila sababu.

Mchezo huu humpa sababu. Unaitwa jiokashingi, lakini mimi huuita kusaka vikasha, maana ndivyo ulivyo. Mtu huficha kikasha mahali fulani nje, hupima mahali hapo kwa GPS, yaani chombo kinachopokea ishara za setilaiti, kisha huwatangazia wengine nambari za mahali hapo. Wewe unaziingiza nambari katika simu yako, unatembea mpaka ufike karibu, halafu unatafuta kwa macho. Ukikipata, unaandika jina lako katika daftari dogo lililomo ndani na kukirudisha palepale. Kama mna vitu vidogo vya kuchezea, unaweza kuchukua kimoja na kuacha kingine cha thamani ileile.

Mchezo huu ulianzia Marekani mwaka 2000. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo serikali yao iliacha kuvuruga ishara za GPS zinazotumiwa na raia, na tarehe 3 Mei bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, kanda za video, manati na mkebe wa maharagwe. Siku hizi kanuni za mchezo zinakataza kabisa kuweka chakula, kwa sababu wanyama hunusa na kuvunja kikasha. Leo kuna vikasha zaidi ya milioni 3 katika nchi zaidi ya 190. Kenya imo, ingawa vyetu ni vichache.

Sasa, watu huucheza mchezo huu kwa njia nyingi, na si zote zinazomfaa mama mwenye watoto. Njia ya kawaida ndiyo rahisi: kikasha kimoja, mahali pamoja. Kila kikasha kimepewa alama mbili kati ya 1 na 5, moja ya ugumu wa kukiona na nyingine ya ugumu wa njia. Ukiwa na mtoto wa shule ya chekechea, chagua chenye alama ya 1 kote kuwili. Njia yenye alama ya 1 inakusudiwa ipitike hata kwa kiti cha magurudumu, kwa hiyo mtoto mwenye ulemavu asiachwe nyumbani. Iko pia njia ya hatua nyingi, ambapo kituo cha kwanza kinakupa nambari za kukupeleka cha pili, na kuendelea. Hii inawafaa watoto wa darasa la tano kwenda juu. Mdogo akichoka katika kituo cha pili, wewe ndiwe utakayembeba mpaka cha tano, na kurudi.

Wako wanaopenda vikasha vya mafumbo. Unakaa nyumbani ukikokotoa hesabu mpaka upate nambari, ndipo utoke. Kijana wa sekondari atafurahi sana, lakini ukihesabu dakika utaona amekaa kuliko alivyotembea. Na wako wanaokimbilia idadi. Kanuni zinataka vikasha viwe mbali angalau mita 161 kimoja na kingine, basi katika nchi nyingine watu wamevipanga barabara nzima, vikasha mamia kwa mamia. Msakaji anaendesha gari, anasimama, anatia sahihi, anaendelea. Hawa wanajivunia hesabu yao, na mimi siwaingilii starehe yao. Lakini mama, ukitafuta afya, hapo huipati. Mtoto amefungwa mkanda kiti cha nyuma saa nne na anakula biskuti.

Ninayoipenda zaidi haina kikasha kabisa. Nambari zinakupeleka mahali ambapo ardhi yenyewe ina jambo la kufundisha, nawe unajibu maswali: mwamba huu una rangi gani, tabaka ni ngapi, unadhani maji yalipita wapi. Njia hii ilianza mwaka 2004. Wewe unaweza kuicheza hata kama hakuna aliyesajili mahali popote karibu nawe. Wapeleke watoto Kit Mikayi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, au ukingoni mwa kreta ya Menengai kule Nakuru, na maswali uyatunge mwenyewe. Hakuna wa kuingiza mkono shimoni, na hakuna wa kulia kwamba kikasha kimeibwa.

Kama huna simu ya kisasa, usijione umeachwa. Kabla ya setilaiti kuwapo, Waingereza walikuwa na mchezo wa namna hii huko Dartmoor, tangu mwaka 1854, usiohitaji chombo chochote. Wanaoucheza siku hizi hufuata maelezo ya maandishi, na wakifika hupiga mhuri. Nyumbani unaandika hivi: "Kutoka mlangoni, hatua thelathini mpaka mwembe. Geuka upande jua linakotua." Mhuri unaukata kwenye nusu ya kiazi, na wino ni maji ya kiazisukari chekundu kilichochemshwa. Mtoto anahesabu, anasoma, anajua mashariki na magharibi. Nimeona mtoto aliyekuwa anachukia kusoma akisoma karatasi hiyo mara tatu bila kusukumwa.

Wenye simu nao niwaambie jambo moja ambalo kina mama wengi huniuliza. Kupokea ishara za GPS hakuli data. Kinachokula data ni ramani, kwa hiyo ipakue mapema ukiwa mahali penye intaneti ya bure. Programu ya mchezo wenyewe unaweza kuipata bila malipo, ila baadhi ya vikasha vimewekewa wanaolipa tu. Usilipe kwanza. Cheza miezi michache uone kama watoto wataupenda.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuzungumza leo. Mimi ni muuguzi, na mchezo huu niliufundisha jamaa zangu kwa furaha kabla sijaufikiria vizuri. Likizo moja ya Agosti tulikuwa kwa mama yangu mashambani. Nilificha vikasha vitatu kwa ajili ya watoto, wakavipata, wakapiga kelele za furaha. Kesho yake mtoto wa dada yangu, wa miaka sita, akaenda kusaka peke yake. Nyuma ya zizi alikuta chupa ya soda iliyozungushiwa karatasi ya gazeti na kusukumwa kwenye ufa wa mbao. Kwake hiyo ilikuwa hazina. Aliifungua. Mama yangu alisikia harufu kutoka jikoni: dawa ya kupe, ya kuogeshea ng'ombe.

Ilikuwa imemmwagikia mikononi na kwenye shati. Tulimvua nguo papo hapo, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukamkimbiza hospitali na ile chupa tumeibeba ndani ya mfuko. Alilazwa usiku mmoja kuangaliwa, na Mungu akasaidia hakuwa ameonja. Tulikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la mtu mzima aliyeweka sumu katika chupa ya soda. La pili ni langu. Nilimfundisha mtoto kwamba kitu kilichofichwa ni chake, sikumfundisha kipi si chake.

Tangu siku hiyo, vikasha vyetu vyote vina alama moja. Sisi hufunga utepe wa manjano. Chagua yako: kitambaa cha leso kuukuu, rangi ya kucha, chochote, lakini kiwe kilekile siku zote. Mtoto chini ya miaka minane asake vyenye alama hiyo peke yake, vilivyofichwa na mtu mnayemjua. Akiona kitu kingine, anasimama, anaweka mikono mgongoni, anamwita mtu mzima. Tunafanya mazoezi. Mimi huweka chupa isiyo na alama njiani makusudi nione atafanya nini, na akiita, ndiye anayepata zawadi kubwa kuliko aliyepata kikasha. Mtoto aliyemeza dawa ya kupe au mafuta ya taa usimtapishe, wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali, na chupa uende nayo.

Kwa wale wa Laikipia na Samburu, hasa pande za Dol Dol na Archers Post ambako majeshi hufanya mazoezi, nasema wazi: mchezo huu msiuchezee malishoni. Watu wa huko wamekatika viungo na wengine wamekufa kwa kugusa mabaki ya silaha, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 200. Chezeni ndani ya boma au katika uwanja wa shule, siku ambayo mwalimu amekubali.

Iko habari ya nyoka pia. Simu ikikuambia umefika, bado unaweza kuwa mbali na kikasha kwa hatua kumi, na chini ya miti zaidi. Hapo ndipo watu huanza kuingiza mkono kila shimo. Moma hakimbii akisikia miguu. Hulala kimya, na rangi yake ni ya majani makavu. Kwa hiyo macho kwanza, kisha fimbo ndefu, mkono mwisho kabisa, na viatu vya kufunika mguu. Unapoficha chako, usikiweke shimoni wala chini ya jiwe. Kitundike tawini, urefu wa kifua cha mtoto. Mtu akiumwa, mtulize, asitembee, mvue bangili na pete kabla hajavimba, mpeleke hospitali. Usimchanje, usimfunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi mnalolijua liache. Halitoi sumu, linawapotezea muda tu.

Na mjini? Mjini hatari ni nyingine. Sisi ni watu tulioona Agosti 7, 1998, na tukaona Westgate mwaka 2013. Mlinzi akimwona mtu anachutama nyuma ya nguzo akisukuma mkebe, hawezi kudhani ni mchezo. Usifiche kitu karibu na duka kubwa, kituo cha polisi, stesheni au shule. Hata mahali pazuri pa kutembea, kama msitu wa Karura au bustani ya miti ya Arboretum pale Nairobi, uliza wasimamizi kwanza. Kikasha kiwe cha plastiki kinachopenyeza mwanga, ili anayekiokota aone kilichomo kabla hajakifungua, na uandike juu yake kwamba ni mchezo. Nimekutana na wanaosema hilo linaharibu utamu. Labda.

Kwa kuanzia, mama, huhitaji zaidi ya mkebe mmoja wenye kifuniko, daftari dogo, penseli na utepe. Ndani usitie peremende, usitie dawa, usitie kitu kidogo cha kumkaba mtoto kooni. Tia jiwe zuri, kifungo kikubwa, picha aliyoichora mwenyewe. Baada ya msako nawa mikono kwa sabuni, watoto na wewe, hasa kama mliokota takataka njiani, na sindano mkiiona msiiguse kwa mkono, hata mkiwa na glavu. Siku ya kwanza ficha mahali ambapo unaweza kumwona mtoto muda wote ukiwa umeketi na mdogo wake kifuani. Siku ya pili, mwache yeye afiche na wewe utafute. Hiyo ya pili ndiyo watakayokuomba kila jioni, na ukichelewa kukipata kikasha watacheka mpaka majirani watoke nje.

Kwa leo nakomea hapo. Juma lijalo, saa hizihizi, tutazungumza juu ya minyoo, basi usisahau kuja na kadi ya mtoto ili tuangalie pamoja ni lini alipewa dawa mara ya mwisho. Kwaheri kwa sasa.