Kutia au Kuficha: Neno juu ya Mchezo wa Puli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama wa Kilosa)



Mwajua ya kuwa wenzetu wa Mikumi wametualika tena kucheza puli, na ya kuwa Kilosa imekwisha kushindwa huko mara mbili. Wako wasemao kwamba wenzetu wana shabaha kutupita. Mimi sikubali. Kwa shabaha vijana wetu hawapungukiwi. Tunapungukiwa katika kuchagua. Mikumi iko katika barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hata Zambia, na meza zake huchezewa usiku na madereva wageni. Mtu achezaye na wageni hujifunza kujilinda. Sisi huku twacheza wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja amekwisha kumjua mwenziwe.

Basi tutazame meza. Kila mchezaji ana mipira 7, na mweusi ni wa mwisho. Kijana wetu akiona mipira yake iko karibu na mashimo huitia, wa kwanza, wa pili, hata wa tano, na watazamaji humshangilia. Imebaki miwili iliyobanwa ukingoni. Yeye adhani amekaribia kushinda, kumbe meza imekuwa ya mwenziwe! Ile mitano iliyokuwa ikimziba mwenziwe njia ameiondoa kwa mkono wake mwenyewe, na mipira 7 ya mwenziwe ingali imesimama kama ukuta mbele ya hiyo yake miwili. Kwa hiyo, kabla ya kutia wa kwanza, yapasa ujue kama waweza kuimaliza yote. Ukiona hapana, shughulika kwanza na ule uliokaa pabaya, wakati mingine ingali ikikulinda.

Tuseme mpira ni wa mbali, na katika mapigo 10 ungeutia mara 4. Ukikosa, mweupe utasimama katikati ya meza, na mwenzio atamaliza. Umechagua kushindwa mara 6, tena nimehesabu kwa upole, kwani hata ukiutia huo waweza kuukosa ufuatao. Lakini ukiugusa mpira wako taratibu, nao ukafika ukingoni, na mweupe ukajibanza nyuma ya mpira wako mwingine, mwenzio hana njia iliyonyoka. Asipogusa mpira wake ni kosa, na kwa sheria ya mapigo mawili wewe wapata mawili. Nimetaja ukingo kwa makusudi: sheria nyingi hutaka baada ya kugongana mpira mmoja uingie shimoni au uguse ukingo. Kuficha si kusukuma ovyo.

Watazamaji husema, “Anaogopa!” Waacheni. Wazee wetu waliolelewa na bao nao hupata taabu hapa, maana katika bao penye kula sharti ule. Puli haina sharti hilo.

Walakini sisemi mfiche kila mara. Mwenzio akiwa hodari wa kuficha kuliko wewe, mashindano hayo ya kufichana atayashinda yeye. Hapo afadhali ujaribu kutia. Tena liko pigo ninalolipenda kuliko yote: kuupiga mpira kwa nguvu kidogo tu, ili ukikosa kuingia ubaki mdomoni mwa shimo, ukimzibia mwenzio shimo hilo, na mweupe uwe umekwenda mbali, upande wa pili wa meza. Pigo hilo hatulifanyi kamwe, kwa sababu halina kishindo.

Mazoezi yataanza Jumatano baada ya kazi. Kila mchezaji atacheza michezo 3, wala asipige mpira wo wote kabla ya kutaja kwa sauti mahali mweupe utakaposimama endapo atakosa. Chaki ni chache. Mwenye yake na aje nayo.