Mazungumzo juu ya Watoto na Majaribio ya Kupanda Giligilani katika Vyombo



Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kazi ambayo mtoto wa miaka minane aweza kuifanya mbele ya nyumba yao, nayo ni kujaribu kupanda giligilani katika vyombo mbalimbali. Twasema kujaribu, kwa maana kupanda kila mtoto wa shamba amekwisha kujua.

Mbegu haitafutwi mbali. Ni ile ile giligilani ya mchuzi iuzwayo dukani, mradi iwe nzima, isiwe imekaangwa wala kusagwa. Kila punje ina mbegu mbili; basi mtoto na aibane taratibu kwa ubao mpaka ipasuke, kisha ailoweke usiku mmoja. Aipande pale pale itakapokulia, kwani mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja, na mche ukihamishwa hudhoofika.

Sasa vyombo. Yatafutwe makopo mawili ya bati, chungu cha udongo, na dumu la plastiki lililokatwa juu, vyote vikaribiane kwa ukubwa. (Kifuu cha nazi tumekiacha kwa makusudi, ni kidogo mno.) Vyote vitobolewe matundu chini, isipokuwa kopo moja. Udongo uwe mmoja, hesabu ya mbegu moja, maji kikombe kimoja, jua lile lile. Hapa sisi watu wazima twakosea kuliko watoto: twabadili mbegu, na mbolea, na siku ya kupanda, yote kwa mara moja, kisha twabishana ni lipi lililoleta mavuno.

Miche huchomoza baada ya juma moja hata matatu. Mtoto aipime kwa kijiti kila Jumamosi na kuandika. Ataona kwamba chungu hukauka upesi, kwa kuwa maji hupenya kuta zake yakachukuliwa na hewa, lakini udongo wake hauchomi. Dumu hukaa na maji zaidi. Makopo hupata moto juani. Na lile lisilotobolewa? Wako wasemao kwamba bati huua mimea. Mtoto mwenye makopo mawili kando kando aweza kuwajibu kwa adabu: bati ni lile lile, tofauti ni matundu. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa ikaoza.

Lakini liko jambo ambalo hatulifanyii mzaha. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ya kunyunyizia pamba, au rangi, kisitumiwe kamwe, hata kikioshwa mara saba. Sumu yaweza kubaki, na majani haya huliwa mabichi. Kwa hiyo, enyi walimu na wazazi, kabla udongo haujatiwa, mwulizeni kila mtoto chombo chake kilikuwa na nini. Asiyejua, apewe kingine.