Jiwe Linalojua Kukataa

Leo tunazungumzia zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Mwaka 1756, Axel Fredrik Cronstedt wa Sweden alipasha moto jiwe la aina hiyo, likatoa povu na mvuke. Kumbe lilikuwa limehifadhi maji ndani yake!

Mwaka 1925, watafiti Weigel na Steinhoff walichukua zeolaiti iitwayo chabazaiti wakaijaribu kwa mvuke wa vitu mbalimbali. Ilipokea maji, methanoli na ethanoli. Ilikataa asetoni, etha na benzeni. Jiwe lile lilikuwa chekeche: molekuli nyembamba hupenya, nene hubaki nje.

Zikishapenya, alkoholi kama methanoli na ethanoli hunata. Kuta za zeolaiti ni silikoni, alumini na oksijeni. Penye alumini pana chaji hasi, hivyo ioni chanya, kama za sodiamu, hukaa jirani. Ioni hizo huvuta upande wa alkoholi wenye oksijeni, na molekuli haibanduki kirahisi mpaka ipate joto.

Kuanzia mwaka 1949, Robert Milton wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, alitengeneza zeolaiti za kiwandani. Mojawapo, ikitiwa potasiamu, huwa na vitundu vya takriban nanomita 0.3. Maji huingia, ethanoli hukwama mlangoni. Hiyo ilikuwa neema kubwa, kwa maana ukikeneka ethanoli kwa njia ya kawaida, utakwama kwenye asilimia 95.6 hivi kwa uzito. Zamani maji yaliyobaki yaliondolewa kwa benzeni, kemikali inayosababisha saratani. Leo viwanda vingi vya ethanoli ya kuchanganya na petroli hutumia zeolaiti hiyo.

Kisha mwaka 1978, Edith Flanigen na wenzake wakatangaza silikalaiti, jamaa ya zeolaiti isiyo na alumini. Kuta zake haziyapendi maji. Katika mchanganyiko wa maji na ethanoli, hunasa ethanoli.

Wanafunzi mnaonisikiliza, shikeni hili. Weigel na Steinhoff hawakuandika tu kile jiwe lilichopokea. Waliandika pia lilichokataa, na ufundi wa kukausha ethanoli umesimama juu ya kukataa kwa namna hiyohiyo. Jaribio likikupa jibu la "hapana", liandike kwa uangalifu uleule unaoandikia "ndiyo".