Mkanda ukikatika jangwani, nani apewe maji kwanza?

Juma hili nazungumza nawe kutoka Doha, mji mkuu wa Qatar, ninakoishi na kufanya kazi ya kutayarisha vipindi vya redio. Habari niliyo nayo ni ya lori lililochemsha. Najua wapo watakaouliza: lori kuchemsha nayo ni habari? Nawaomba wavute subira.

Ilikuwa mwezi Agosti mwaka 2023. Nilikuwa nimepanda lori la saruji pamoja na dereva mmoja mzaliwa wa Tanga, nikikusanya sauti za kipindi kuhusu madereva wa Afrika Mashariki walioko Ghuba. Amenizidi umri kwa miaka kumi na ushei, na kabla ya kuja huku aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa muda mrefu. Mimi nilimwita mzee, naye akaniita bwana mdogo.

Tulikuwa katika Barabara ya Salwa, ile inayotoka Doha kuelekea kusini-magharibi hadi Abu Samra, mpakani na Saudi Arabia. Al Karaana tulikuwa tumekwishaipita. Saa ilikuwa nne na nusu asubuhi. Kwanza ulisikika mlio mkali, mfano wa paka aliyekanyagwa mkia. Kisha kishindo kidogo chini yetu, kisha mlio ukatoweka. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya moto. Mshale wa joto nao ukaanza kupanda.

Mzee hakungoja. Alilitoa lori barabarani, akalisimamisha pembeni, akazima injini. Ndipo akanigeukia na kusema: "Bwana mdogo, mkanda umekwenda na maji."

Msikilizaji, kwa asiyejua mambo ya injini, nieleze kidogo. Mkanda huu, ambao wengi wetu tunauita mkanda wa feni, ni utepe wa mpira unaozungushwa na injini ili nao uzungushe vitu vingine. Katika lori lile ulikuwa mmoja mrefu, wenye mifereji, ukipita kwenye puli kadhaa. Ulizungusha pampu inayosukuma maji ya kupozea, alternata inayochaji betri, na kompresa ya kiyoyozi. Ukikatika, vyote husimama kwa pamoja. Ndiyo maana taa ya betri hutangulia kuwaka: hiyo si habari ya betri peke yake, ni barua ya kwanza ya msiba unaokuja.

Hapa pana jambo ambalo madereva wengi hulichanganya. Lori likichemsha kwa kuzidiwa na mlima, kama inavyotokea Kitonga kule Iringa, mkanda ukiwa mzima, dereva huweza kusimama na kuiacha injini ingurume taratibu, akafungulia hita ya kabini ili joto lipate njia nyingine ya kutokea. Dawa hiyo hufaa kwa sababu pampu bado inasukuma maji. Mkanda ukiwa umekatika, maji hayatembei. Kila dakika ambayo injini inanguruma ni dakika ya kujichoma yenyewe: silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na kazi ya mkanda mmoja hugeuka kuwa kazi ya injini nzima. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kuzima.

Mzee alimpigia simu msimamizi wake. Nilikuwa karibu, nikasikia. Jibu lilikuwa kwamba kituo hakiko mbali, kilomita ishirini tu, basi ajikokote polepole, na akikaidi, siku hiyo itakatwa katika mshahara. Mzee alinyamaza kidogo. Mtu mwenye watoto shuleni Tanga hawezi kuyasikia maneno hayo yakapita hivi hivi. Kisha akajibu kwa adabu kwamba injini imezimwa na haitawashwa.

Tukateremka. Kwetu, lori likiharibika, utingo hukata matawi na kuyalaza barabarani ili kuwaonya wenye magari. Jangwani tawi ulitoe wapi? Tukasimamisha pembetatu zenye kung'aa, tukaketi katika kivuli chembamba cha tela, upande ulio mbali na barabara.

Tulikuwa na chupa kumi na mbili za maji ya kunywa. Nakiri kwamba mimi, kwa uungwana wangu wa mjini, nilichukua mbili nikaelekea kwenye rejeta. Mzee alinishika mkono. Maji ndani ya rejeta hukaa chini ya shinikizo, na kwa hiyo huweza kufikia karibu nyuzi joto 120 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, shinikizo hutoweka, na maji yale hulipuka kuwa mvuke usoni mwako. Wako mafundi wenye makovu ya maisha kwa sababu ya pupa ya sekunde moja. Aidha, maji baridi yakimiminwa ndani ya chuma kilichoungua huweza kukipasua. Na zaidi ya hayo, akaniuliza: "Pampu imesimama. Maji hayo yatasukumwa na nani? Kunywa, bwana mdogo. Lori halina kiu. Mwenye kiu ni wewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Qatar ina sheria ya kuwalinda wafanyakazi dhidi ya jua. Mwaka 2007 iliwekwa amri ya kusimamisha kazi za nje saa za mchana wakati wa kiangazi. Mwaka 2021 muda huo uliongezwa: tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani zinakatazwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Tena, saa yoyote ile, kazi husimamishwa pindi kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kinapozidi nyuzi 32.1. Si amri ya bure. Mwezi Julai mwaka 2010 joto la Doha lilifikia nyuzi 50.4 kivulini.

Lakini dereva wa lori, akiwa ndani ya kabini yenye kiyoyozi, hujiona kwamba hayumo katika kundi la watu wa juani. Hayumo kweli, hadi mkanda ukatike. Utepe ule ule uliokuwa ukiipoza injini ndio uliokuwa ukimpoza yeye. Injini ina mshale wa kuonyesha hatari, binadamu hana. Dalili zake ni kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, na maneno kuanza kupotoka. Mtu akifika hapo pa kuchanganyikiwa, si wa kuambiwa apumzike kidogo. Alazwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na msaada uitwe mara moja. Hapa Qatar nambari ni 999.

Sisi tulisalimika. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo kivuli chetu kilivyoyeyuka, mpaka dereva mmoja wa Kerala, asiyetujua wala kutujua asili yetu, aliposimama na kutuketisha ndani ya gari lake hadi gari la kuvuta lilipofika. Lori likapelekwa Eneo la Viwanda, nje kidogo ya Doha, na huko fundi akagundua chanzo: beringi ya puli ya kukazia mkanda ilikuwa imekwama. Mkanda mpya ungefungwa pale barabarani bila kuiangalia puli, nao ungekatika kabla ya machweo. Silinda hedi ilikuwa salama. Msimamizi hakusema ahsante, lakini mwisho wa mwezi mzee alinijulisha kwamba mshahara umeingia kamili.

Basi, msikilizaji dereva, nakuachia machache. Mkanda unaopiga kelele asubuhi unaomba kubadilishwa. Usimwage maji juu yake ili anyamaze fundi wa moyoni mwako. Utazame kama una nyufa, uzungushe puli zote kwa mkono injini ikiwa baridi, na uyaondoe mavumbi yaliyoziba rejeta. Zile kamba za mpira wa tairi tulizozoea kuzifunga kwenye malori ya zamani hazishiki katika mikanda ya leo yenye mifereji. Beba mkanda wa akiba, na beba maji zaidi ya unayodhani utayahitaji.

Na wewe msimamizi unayenisikia, siku dereva atakapokupigia simu kutoka jangwani, swali lako la kwanza lisiwe mzigo uko wapi. Muulize amekaa kivulini? Ana maji? Injini iliyoungua hununuliwa nyingine.